Foronya ya Bi Kikapu

Kila aliyejua kudarizi mtaani pale alianzia kwenye kikapu. Ndivyo alivyofundisha yule mama, na ndiyo maana watu walimwita Bi Kikapu, hata wale ambao hawakuwahi kumwona na sindano mkononi. Msichana akija siku ya kwanza na hamu zake, anataka kudarizi tausi, anataka majina ya wapenzi wawili ndani ya moyo, mama humsikiliza mpaka mwisho. Kisha humkatia kipande cha kitambaa na kumwambia, "Kikapu kwanza, mwanangu. Tausi hana haraka, yuko tu."

Na kweli kikapu kilikuwa shule nzima. Nyuzi za kusimama unazitandaza, za kulala unazipitisha juu, chini, juu, chini, kama mtu anayesuka mkeka. Mkono wa kikapu unakufundisha mshono wa mnyororo. Halafu yanakuja maua, na katika maua hakuna anayetesa wageni kama waridi. Unavuta miale mitano kutoka katikati, mfano wa gurudumu la baiskeli, halafu unazungusha uzi juu na chini ya miale hiyo mpaka ua linavimba lenyewe. Lazima miale iwe witiri, mitano au saba. Ukiweka sita, uzi unapita palepale ulipopita mwanzo, na ua linabaki gurudumu milele.

Kwa kazi hiyo alipamba vitanda vya watu wengi. Mto wake mwenyewe ulikuwa mtupu. Kinyozi hajinyoi. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti ambaye kijiweni walimwita Cheche, alizoea kumchokoza: "Mke wangu anadarizi dunia nzima, mimi nalalia shuka la wodini."

Basi siku moja Bi Kikapu alikata kitambaa cheupe cha foronya, akasema hii haiuzwi na haiombwi. Ilikuwa ya kwanza kabisa kuianza kwa ajili yake mwenyewe. Alichapa mchoro kwa karatasi ya kaboni, mistari ya buluu, akakisuka kikapu chote, akatia na mkono wake. Alikuwa bado hajagusa maua pale kiharusi kilipomkuta, ameinuka tu kufungua dirisha.

Kilichukua mkono wa kulia na mguu wa upande huo. Kilichukua pia maneno yote, kikamwachia moja: sawa. Akitaka maji, sawa. Akiumwa mgongo, sawa. Ndani ya kichwa maneno yalikuwepo, amejipanga nayo vizuri, lakini yakifika mlangoni lilitoka lilelile moja. Kichwa nacho kilikuwa kimefuata ulimi. Akitaka kukataa, kinaitikia.

Mkono wa kushoto ndio uliobaki kuwa wake. Kwa mkono huo alijifunza upya kushika kijiko, na hakuna aliyethubutu kumlisha. Cheche alijaribu mara moja, akatazamwa jicho la kumfanya arudishe kijiko bakulini bila kuambiwa.

Cheche hakujua afanye nini na mke asiyeongea. Alizoea kusemwa. Alirekebisha kitanda kisilie, akachomelea kishikio ukutani, akamaliza vyuma vyote vya kurekebisha ndani ya nyumba. Ndipo macho yake yakatua kwenye ile foronya, imebanwa kwenye ringi yake ya kudarizia, kikapu kitupu kinasubiri.

"Nakumalizia," alimwambia, huku akivuta stuli kando ya kitanda. "Unasikia, mke wangu? Nakuwekea maua, uulalie mto wako."

"Sawa," alisema Bi Kikapu, na moyoni alikuwa anapiga kelele: acha, weka chini, hiyo si geti!

Dada yake Cheche alikuja mchana na chakula, akamkuta kaka yake amekunja mgongo juu ya ringi, ulimi umetoka pembeni. Wifi huyu alikuwa na sauti ya kuuza samaki ingawa hakuwahi kuuza hata dagaa.

"Haya tena! Kaka, miwani yako ya kuchomelea iko wapi? Usije ukapofuka na cheche za sindano."

"Nenda zako huko."

"Wifi, umeona maajabu? Mumeo kawa mwari."

Bi Kikapu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu kweli ilichekesha. Vidole vile vilikuwa vinene, vimeungua ungua, na sindano ilipotea ndani yake kama njiti kwenye mkate. Lakini kicheko kilikatika. Cheche alikuwa amefungua mkebe wa nyuzi, amepita za pinki, amepita za zambarau, anafungua kile kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo peke yake.

Ndani yake mlikuwa na uzi mwekundu. Mzuri kwa macho, mwekundu wa kuita, lakini ulikuwa unachuja rangi. Uzi wa namna ile hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, unabadilishiwa maji mpaka uache kutoa rangi, ndipo unaushona. Kila mwanafunzi wake aliambiwa hivyo kabla hajajua hata kutunga uzi. Huu ulikuwa bado. Ndiyo maana aliufungia mbali na wenzake, akiupangia siku yake.

"Jekundu, eh?" Cheche aliuliza. "Waridi si jekundu?"

"Sawa!" Bi Kikapu alisema. "Sawa, sawa, sawa!" Machozi yalimtoka.

"Unaona?" Cheche alimgeukia dada yake, naye macho yamelowa. "Amefurahi."

Kuanzia hapo Bi Kikapu alikuwa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua akiwa amefungiwa nje. Cheche alivuta miale sita. Alizungusha, akaona ua halivimbi, akafumua, akavuta sita tena, safari hii akikaza zaidi. Mke wake alimwinulia vidole vitano. Yeye akainua kiganja chake akakigonganisha na kile, "Pamoja, mke wangu!" akaendelea. Mwishowe mwale mmoja ulikatika kwa kukazwa mno, uzi ukaanza kupishana, na waridi likajitokeza, limeegemea upande kama kofia ya mlevi.

Wifi alilikagua karibu na mlango. "Hili ni ua au nyanya imekanyagwa?"

"Ua."

"Haya. Ukipenda, chongo huita kengeza."

Waridi kuegemea halikumsumbua Bi Kikapu. Angelalia nyanya, angelalia gurudumu, mradi ni mkono wa huyu mzee uliolitia. Kilichomtia hofu kilikuwa bado mbele. Foronya lazima ifuliwe ili mistari ya buluu ya kaboni itoke, na siku itakapofuliwa, wekundu ule utatembea. Utaingia kwenye kikapu, utaingia kwenye weupe wote, na hakuna sabuni itakayouita urudi.

Alijaribu chumvi. Chakula kilipoletwa, alikisukuma kikopo cha chumvi kwa mkono wake wa kushoto mpaka kikagusa ringi. Akakigonga. Akamtazama mumewe, akalitazama ua, akakigonga tena.

"Supu haina chumvi?" Cheche aliuliza.

"Sawa."

Akamtilia chumvi. Alipogonga tena, akamwongezea. Bi Kikapu aliinywa supu ile yote, chumvi tupu kama maji ya bahari, na wifi akasema hamu ya kula imerudi, Mungu mkubwa.

Maua yalikamilika, mekundu yote, kwa sababu Cheche alikuwa ameuona wekundu kuwa ndio unaopendwa. Asubuhi iliyofuata alileta beseni la maji, akaliweka sakafuni, akaitoa foronya kwenye ringi.

"Naisafisha hii michoro, naipiga pasi, leo unalala kifalme."

Bi Kikapu alipeleka mkono wa kushoto akaikamata. Aliikamata penye maua, akayafumbata yote, ngumi imefunga.

"Niachie, naifua mara moja tu."

"Sawa," alisema, na hakuachia.

Cheche alivuta kidogo. Naye akavuta. Cheche akacheka, akatazama mlangoni kama anatafuta shahidi, na wifi alikuwa ndiyo kwanza anaingia na bakuli la uji.

"Mwachie bwana, ameipenda. Atakupa akichoka."

Basi wakamwachia. Lakini uji ulikuwa wa moto, na mkono wa kijiko ndio ule ulioshika foronya. Cheche alichota, akapuliza, akakisogeza kijiko taratibu kwa woga wa lile jicho. Bi Kikapu alikitazama kijiko. Akafungua mdomo.

Alilishwa bakuli zima kama mtoto, kijiko kwa kijiko, na kila alipomeza alikaza ngumi. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Kiganja kilipata joto. Aliusikia unyevu wa jasho ukianza katikati ya mkono, kwenye mikunjo, kisha kati ya vidole, na akajua utaufanya nini uzi ule, na hakuwa na mkono wa pili wa kuhamishia.

Wifi ndiye aliyeona. "Kaka! Mkono wake huo!"

Kati ya vidole palikuwa pekundu.

"Sindano!" Cheche alitupa kijiko. "Nimeacha sindano humo, mimi mjinga, nimemchoma!" Alimbandua vidole kimoja kimoja, na sasa vilikuwa vimechoka, vikabanduka. Kiganja chote kilikuwa chekundu, na kwenye kitambaa, kuzunguka waridi, doa lilikuwa limeanza kutoka nje ya mistari.

"Damu ikikauka kwenye kitambaa imehamia!" Cheche alisema. Hilo alilijua vizuri. Miaka yote, kila mwanafunzi alipojidunga, alikuwa akilisikia kutoka uani kwa sauti ya mke wake mwenyewe: maji, haraka, kabla haijakauka!

Akaichukua foronya akaizamisha yote ndani ya beseni.

"Sawa," alisema Bi Kikapu. "Sawa. Sawa."

"Najua, mke wangu, najua, inauma. Pole. Nionyeshe ni wapi."

Alipiga magoti kando ya kitanda, mgongo wake umelielekea beseni, akaugeuza ule mkono kuelekea dirishani. Aliufuta kwa pindo la shati lake. Akaanza kutafuta tundu, kidole hiki, kidole kile, akibonyeza kila ncha kwa dole gumba lake lililoungua na kuuliza, "Hapa? Au hapa?"

Bi Kikapu, juu ya bega la mumewe, alikuwa akitazama maji ya beseni yakigeuka mekundu.