Mzee Niliyemketisha Mbele

Siku niliyompa mzee wa watu kiti cha mbele naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka. Umekuja kuniaga kwamba unakwenda kujitolea kwenye tamasha la akina mama. Nimefurahi. Lakini weka begi chini kwanza, ukae. Kisa hiki huwa nakisimulia nusu, naishia pale panapochekesha, watu wanacheka, basi nanyamaza. Leo wewe utakisikia chote.

Wakati huo sisi wa Tunduma tulikuwa bado tunaitwa watu wa Mbeya, mkoa wa Songwe haujazaliwa, na mimi nilikuwa msichana wa kuuza vitenge karibu na mpaka. Mdomo wangu ulikuwa unasikika mpaka Nakonde, ng'ambo ya Zambia. Akina mama wa tamasha wakanifanya msimamizi wa jukwaa kwa sababu hiyo hiyo, maana hatukuwa na kipaza sauti.

Tamasha letu lilikuwa la kujitolea tupu. Wa Mbozi walikuja na ndizi na kahawa, wa Kamsamba wakaja na mchele, sisi wa mjini tukatoa kuni na masufuria. Pazia tulilishona kwa vitenge vyetu wenyewe. Ukilitazama vizuri unakiona cha Mama Simbeye, mkubwa wa kikundi chetu, unakiona changu, unakiona kile ambacho mtu alibebea mtoto mwaka jana. Jukwaa lilikuwa tela la lori lililokuwa linasubiri kuvuka. Dereva aliegesha kwenye uwanja wa shule, akatuachia kutwa nzima kwa sahani ya wali, na yeye akalala chini ya lori lake akikoroma kuliko ngoma zetu.

Hiari yashinda utumwa, wahenga hawakukosea. Tulifanya kazi wiki ile kama watu waliolipwa mara mbili.

Nyota wetu alikuwa Tusekile, binti wa Kindali kutoka Ileje, mke wa fundi pikipiki mmoja hapa mjini aliyeitwa Ambakisye. Alikuwa mpole mno, hata akidai chenji yake ananong'ona. Lakini akiimba! Wale wa Nakonde waliokuja kwenye mazoezi waliacha kutafuna. Katika mchezo wetu yeye ndiye alikuwa mjane anayenyang'anywa shamba la kahawa na baba mkwe wake. Anaimba, kisha anamnyooshea kidole mzee, anamwambia, "Shamba hili nimelilima mimi!" Baba mkwe aliigizwa na mwanamke mwenzetu, kavaa kofia na ndevu za manyoya ya mbuzi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa lilipoanzia. Kwenye ukoo alikoolewa Tusekile, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima yao. Mzee akipita, mkamwana anajificha au anajifunika kitenge. Wapo Wandali wengi wa siku hizi walioacha, lakini ukoo ule haukuwa umeacha. Tusekile alinivuta pembeni siku ya mazoezi.

"Dada, nitaigiza," akaniambia. "Ila baba mkwe akitokea, uniambie mapema, nimwachie mwingine nafasi."

"Mzee afuate nini huku kutoka Ileje?"

"Niahidi tu, dada."

Nikaahidi. Niliahidi vile unavyomwahidi mtoto pipi ili akuache ufanye kazi. Moyoni nilikuwa nasema, mambo ya kizamani hayo, sisi kwetu Unyiha tunakula na wakwe meza moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilidhani navijua vitanda vyote vya nchi hii.

Siku ya tamasha uwanja ulifurika. Watu walipanda mpaka juu ya ukuta wa shule. Mimi niko mlangoni, kitenge cha wasimamizi begani, napangia watu pa kukaa kama mwenye nchi, ndipo akaja mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la kijivu, kofia mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni baba yake Ambakisye, yule fundi. Naomba unionyeshe kule nyuma ya lori, nikae hata kwenye jiwe. Hapo panatosha kabisa."

Mwanangu, nilimjua alikuwa nani tangu alipotaja jina la mwanawe. Nilikumbuka ahadi yangu vizuri kabisa. Nisikudanganye kwamba nilisahau. Tusekile alikuwa nyuma ya pazia anapakwa majivu ya msiba, hatua chache kutoka nilipo, na ningeweza kwenda kumnong'oneza. Lakini nikaona mchezo wetu unakufa. Nikaona watu wote wale, na hakuna mwingine wa kuimba. Nikajiambia, ni maigizo tu, akishaanza hatamwona mtu.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Mzee mwenye koti akikaa mbele, tamasha linaonekana la heshima, si ndiyo? Nikamshika mkono. "Hapana baba, mgeni wa umri wako hakai kwenye oili za lori." Akakataa. Nikamvuta. Akakataa tena kwa upole, na watu wakaanza kututazama, basi mzee akaona aibu kubishana na binti mbele ya umati. Nikamketisha kwenye kiti cha mbele, katikati.

Ngoma zikaanza. Mzee akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, akatulia, akakohoa tena huku akilitazama pazia. Nikadhani ni vumbi. Nikakimbia kumletea maji kwenye kikombe cha bati. Akaninyooshea mikono miwili kuyapokea, akanywa, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Tusekile akatoka. Kwanza hakumwona, maana alikuwa ameinamisha kichwa kama mfiwa. Akaimba ubeti mzima, uwanja ukawa kimya, hata dereva aliamka. Kisha ikafika pale pa kunyoosha kidole. Akainua uso, akanyoosha kidole, na mbele ya kidole chake, nyuma ya yule mwenye ndevu za mbuzi, amekaa baba mkwe wa kweli.

Alianguka chini kwa magoti, akavuta kitenge mpaka utosini, akajikunja kama mzigo. Watu wakadhani ndiyo maigizo yenyewe. Wakapiga vigelegele. Mimi nilijua si maigizo, na badala ya kufunga pazia, nikapanda kwenye tela nikaanza kumfokea kwa sauti ya chini, "Simama! Unatuaibisha!" Hakusimama. Nikakishika kile kitenge nikakivuta.

Kilitoka chote. Akabaki kichwa wazi, uso wa majivu na machozi, hana pa kuuficha. Na pale chini mzee wa watu alikuwa amesimama, amelivua koti lake akajifunika nalo kichwa, anapapasa njia ya kutokea katikati ya viti. Akagonga benchi. Umati ukaangua kicheko. Walimcheka yule mzee mpaka alipofika getini, na mimi nimesimama juu, kitenge cha mwenzangu mkononi.

Hapo ndipo huwa naishia.

Tusekile alishuka kwa upande wa pili akaenda zake. Mama Simbeye, mama wa Kinamwanga mfanyabiashara wa mchele, alifunga pazia mwenyewe. Hakunipigia kelele. Aliniuliza, "Ulijua kwamba yule ni nani?" Nikasema nilijua. "Huyu binti alikuja hapa bure," akasema. "Hatukumpa hata nauli. Kitu pekee alichotuomba ni neno lako." Akachukua kitenge kutoka mkononi mwangu, maana nilikuwa bado nimekishika. Ningependa angenizaba kibao.

Siku chache baadaye nilimfuata Tusekile nyumbani kumwomba radhi, hakutoka ndani. Mumewe aliniambia mlangoni, bila ukali, kwamba mkewe anaona hana tena uso wa kurudi Ileje, na kwamba wazee wa ukoo wamekaa kulizungumza jambo lake kwa sababu ya kosa ambalo si lake. Mama Simbeye akasema twende kwa mzee mwenyewe. Tukapanda pikapu mpaka kwao, tumebeba jogoo na doti ya kanga, mimi nimeshonwa mdomo kwa mara ya kwanza maishani.

Mzee alitupokea vizuri. Nilipiga magoti, nikasema yote, kwamba Tusekile aliniomba, kwamba nilijua, kwamba ni mimi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wengine nitawaambia. Mkamwana wangu hana kosa, na nyumba hii ni yake," akasema. "Ambakisye aliniambia mkewe anaimba. Miaka yote hii niko naye ukoo mmoja, sijawahi kuisikia sauti yake. Nikasema nitakwenda, nikae nyuma ya lori, nisikie tu. Uliponiketisha mbele nikakohoa. Sisi tukikohoa, mkamwana anajua tupo, anapisha. Nilikohoa sana, mwanangu. Ukaniletea maji."



"Ungeniambia tu kwamba mwenzako ameomba," akasema tena, "ningekigeuza kile kiti. Ningewapa mgongo, na mchezo wenu ungekwisha salama."

Mwanangu, kumbe dawa ilikuwa ndogo hivyo! Kugeuza kiti. Na mimi nilimwona ni mzee wa kizamani asiyeelewa sanaa, kumbe yeye ndiye aliyesafiri kutwa nzima kuja kuisikia.

Alifariki kabla ya tamasha la mwaka uliofuata. Ule ubeti mmoja ndio wote aliousikia. Tusekile alirudi kwenye kikundi, anapika, anashona, tukikutana sokoni ananisalimu na kuniulizia wajukuu. Jukwaani hajapanda tena. Watu huniambia mavi ya kale hayanuki. Nawaambia yananuka, sema ninyi hamkuwa karibu.

Juzi juzi nilipita kwake nikamsikia uani anaosha vyombo, anaimba wimbo ule ule wa mjane. Sauti imezeeka kidogo, lakini ni ile. Nilisimama nje ya ua. Nilitamani, Mungu anajua, nisimame pale mpaka ubeti wa mwisho. Lakini nikakohoa, ajue kwamba nipo. Akanyamaza.

Basi nenda kwenye tamasha lako, mwanangu, na haya ubebe. Anayejitolea amekupa kazi yake, hajakupa heshima yake uitumie unavyotaka. Kabla hujamwambia mwenzako apande, muulize ni nani hataki amwone, na akikujibu, hata kama jibu lake unaliona la kijinga, lishike kama lako. Mgeni akikuomba akae nyuma, mwache akae nyuma. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza kwa nini mzee anakohoa, na nimekuwa mjinga mpaka uzee huu. Na neno ukishalitoa, litimize hata kama pazia litabaki limefungwa na watu wote warudi makwao wakinung'unika.

Mungu akutangulie barabarani na jukwaani. Akupe wenzako watakaokuamini, akupe na moyo wa kustahili kuaminiwa. Siku utakayokosea, maana utakosea, akukalishe karibu na mtu kama Mama Simbeye, na akufikishe kwa uliyemkosea kabla hajazikwa. Chukua begi lako. Na ukimkuta Tusekile jikoni, msalimie kwanza yeye, kabla ya wakubwa wote.