Duni na Mjane wa Chumba cha Mwisho

Gari limeshawashwa. Sanduku la Mzee Gerrie liko nyuma, kofia yake ya sufi iko mapajani, na mlango wa upande wake umefungwa. Wazee wenzake wamejipanga barazani, wengine na magongo, wengine kwenye viti vya magurudumu, wanapunga mikono. Mmoja anapaza sauti, "Usisahau kutupigia!" Wote wanajua hatapiga.

Ni saa tatu asubuhi, mwezi wa Mei, mtaa wa Turffontein, kusini mwa Johannesburg. Jua lipo, lakini halina kazi. Duni Bakiri, mwanamke wa makamo mzaliwa wa Tanga, analisukuma geti la chuma kwa bega, gari linapita, analirudisha. Kisha anaokota ufagio wake na kurudi kwenye majani makavu yaliyojaa ua mzima.

"Kwetu saa hizi ni masika, watu wanatafuta pa kukanyaga," anasema. "Huku miti inavuliwa nguo. Na kila majani yakianguka, kuna mzee anaondoka. Huyu ni wa tatu. Wa nne namjua, na huyo ndiye ananinyima usingizi."

Nyumba hii ya wazee si hospitali. Wanaishi humo watu thelathini hivi, kila mmoja na chumba chake, kitanda chake na picha zake ukutani. Husaidiwa kuoga, kumeza dawa na kufunga vifungo. Sharti ni moja: mzee awe anafika mezani kwa nguvu zake mwenyewe, hata kwa kukokota mguu, hata kwa kujisukuma kwenye kiti. Asiyeweza huhamishiwa nyumba ya wagonjwa huko Benoni, ng'ambo ya jiji, ambako watu hulala zaidi kuliko wanavyoongea. Kila mwaka kabla ya baridi kali, Sista Nthabiseng, muuguzi mkuu, huwapima mmoja mmoja, wachache kila wiki.

Wa nne aliyekuwa akihofiwa ni Dona Lurdes, mama wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira, aliyeuza mboga na mumewe Rosettenville kwa miaka mingi. Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido. Mwaka jana alikuwa anatembea ua mzima akigombana na kila mtu. Mwezi huu wa Mei hafiki hata mlangoni.

Na aliyeufunga mlango huo ni Duni.

Duni aliingia Johannesburg miaka kumi na saba iliyopita. Ameuza vitambaa barabarani, amefua nguo za hoteli, amelea watoto wa watu. Anapanga Berea, chumba kimoja na mwenzake, na mshahara wa randi elfu tano na mia sita unaishia kwenye kodi, nauli na matumizi ya mama yake aliye Tanga. Ijumaa akiwa hana zamu huenda kuswali Mayfair. Hapa kwa wazee aliajiriwa Januari kama mlezi, na korido ya mwisho ikawa yake.

Asubuhi ya kwanza alimkuta Dona Lurdes ameketi ukingoni mwa kitanda, mweusi tupu: kitambaa cha kichwa, gauni, soksi, viatu. Wanaongea Kiingereza cha kuokoteza wote wawili.

"Umefiwa, mama?"

"Mume wangu," alijibu mama yule, na macho yakamjaa machozi.

Duni hakuuliza zaidi. Kwao mjane hachokonolewi. Bibi yake mwenyewe alikaa eda na kaniki nyeusi, na watoto walikatazwa kupiga kelele upenuni. Mjane haitwi kwenye vicheko. Analetewa chakula, anaachiwa utulivu wake, mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Ndivyo Duni alivyofanya, tena kwa moyo mmoja. Chai akaipeleka chumbani. Chakula cha mchana chumbani. Waliokuja na karata aliwarudisha.

"Alinisimamia mlangoni kama askari wa benki," anasema Gogo Busisiwe, bibi wa Soweto mwenye miaka themanini na kitu, aliyekuwa mshirika wa karata wa Dona Lurdes. "Ananiambia, 'Mwache, Gogo, ana huzuni.' Eish! Nikasema labda daktari kaagiza. Mimi ni nani?"

Huko nje maisha yaliendelea. Majira haya ndiyo yenye shughuli nyingi kuliko yote katika nyumba hii. Wenye mikono mizuri hufuma mablanketi ya sufi. Wenye visu hukaa jikoni na Emérite, mpishi kutoka Burundi, kumenya maboga ya supu ya Jumamosi. Wenye miguu hufagia majani, na wasio na miguu huwaelekeza wanaofagia. Jumamosi mchana vipaza sauti vya uwanja wa mbio za farasi husikika mpaka uani, na wazee huweka dau la vifungo vya mashati: kifungo kimoja farasi namba nne, viwili namba saba.

Mtunza vifungo ni Duni, na Emérite hachoki kumchokoza kwa hilo.

"Hajati wetu! Anaswali Mayfair, anashika benki ya kamari Turffontein."

"Vifungo si pesa, shoga."

"Shetani naye alianza na vifungo."

Vicheko hivyo Dona Lurdes alivisikia kupitia dirishani. Alikaa. Alikonda. Miguu isiyotumika husahau kazi yake upesi, na ya kwake ilisahau.

Katikati ya Mei, siku chache baada ya Mzee Gerrie kuondoka, Duni alipiga hesabu yake tangu asubuhi ile ya Januari, akaona eda imetimia. Alikwenda kwa Wasomali wa Mayfair, akanunua mtandio wa buluu wenye maua na kichupa cha manukato. Kwao mjane akitoka eda huogeshwa, huvishwa kipya, hufukizwa udi. Udi aliuacha, akihofia king'ora cha moshi. Akaingia chumba cha mwisho anatabasamu.

"Haya mama, leo unatoka!"

Dona Lurdes alishtuka. "Kumbe... wananipeleka Benoni?"

"Hapana! Eda yako imekwisha."

"Kitu gani kimekwisha?"

"Msiba wa mumeo. Miezi minne na siku kumi."

Mama yule alitikisa kichwa. "Mwanangu, Joaquim alikufa mwaka wa vuvuzela. Mwaka wa Kombe la Dunia hapa."

Duni anasema aliketi kitandani bila kukaribishwa. "Na hii nyeusi?"

"Hii nitazikwa nayo. Kwetu mjane ndivyo anavyovaa. Haimzuii kula wala kutukana."

"Mbona hukuniambia, mama? Miezi yote hii?"

"Uliniuliza nini? Ulinifungia mlango, ukaniletea uji. Nikasema, basi, wenzangu wamenichoka, na huyu mpya ametumwa kunizoesha kuwa peke yangu."

Duni hakwenda kulia chooni, ingawa anakiri aliwaza. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Nthabiseng na kumweleza kila kitu, akijua kwamba kazi inaweza kuishia hapo hapo mezani.

Sista alivua miwani. "Wewe ndiye uliyemfungia?"

"Mimi, Sista. Nilidhani namheshimu."

"Nilikuwa nimeshaongea na Benoni, Duni. Chumba kipo."

"Nipe nafasi nimtoe."

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi nampima, kama wengine wote. Asipofika mezani, siwezi kumsaidia. Na wewe tutazungumza siku hiyo hiyo."

Zilibaki wiki mbili. Duni alikuwa akiwahi kabla ya zamu. Siku ya kwanza walifika mlangoni na kurudi. Siku ya tatu walifika kwenye picha ya farasi katikati ya korido, Dona Lurdes akaegemea ukuta na kuwataja watakatifu wake wote, si kwa sala. Gogo Busisiwe aliweka kiti mwisho wa korido, akakaa na karata mkononi, akipaza sauti, "Njoo uchukue deni lako la mwaka jana, au limekufa?" Emérite aliacha kupeleka chai chumbani. "Chai iko jikoni," alisema. "Miguu yangu na ya kwako, yote ni miguu."

Mama yule alikuwa anafika nusu njia kwa fremu yake ya kutembelea. Nusu tu. Kila siku nusu.

Jumamosi ya kupimwa ikawa pia siku ya kuchoma kastanha. Hizo ni kokwa za kahawia zinazong'aa, kubwa kuliko korosho, ambazo Wareno huchoma majira haya. Kila mwaka Dona Lurdes ndiye aliyewachomea wenzake uani. Safari hii alimtuma Duni kuzinunua kwa Mreno mmoja Rosettenville, lakini asubuhi akagoma kutoka.

"Sitatembezwa mbele ya Sista kama farasi wa mnada," alisema. "Nikianguka, nianguke chumbani kwangu. Choma wewe."

Duni alichoma. Ameshachoma mahindi, mihogo na korosho maisha yake yote, akaona hizi ni ndugu zao. Alizimwaga juu ya makaa kama zilivyo, wazee wamezunguka jiko, Sista amesimama barazani anasubiri.

Ya kwanza ililipuka kama risasi. Ya pili ikaruka ikampiga Gogo begani. Kisha zikafuatana. Emérite alikuwa ameshajitupa chini ya meza ya supu.

"Yesu wangu! Mlio huu niliukimbia Bujumbura!"

Watu hawakujua wacheke au wakimbie. Katikati ya makelele hayo sauti ikatokea koridoni, kali, ya mtu aliyeuza sokoni.

"Nani huyo anachoma bila kuzipasua? Nani?"

Dona Lurdes alitokea mlangoni na fremu yake, kisu kidogo cha jikoni kimebanwa kwa kidole gumba. Alipita barazani, akampita Sista bila kumtazama, akakanyaga majani, akafika kwenye meza ya supu, akajishusha kitini kwa kishindo. Akatwaa kokwa moja.

"Angalia, mjinga wewe. Unaikata tumboni, hivi. Usipoikata, mvuke utatokea wapi?"

"Kwetu hatuzijui hizi, mama."

"Si ungeuliza!"

"Leo nimejifunza kuuliza," Duni akajibu, na Gogo Busisiwe akacheka mpaka akashika mbavu.

Sista Nthabiseng alishuka barazani. "Huyu nimeshampima," alisema, akaenda kwa mzee mwingine. Kuhusu kazi ya Duni alimwambia neno moja tu siku ile: kuanzia sasa, mzee mgeni yeyote akiingia, na mlezi yeyote akianza, wakae pamoja saa nzima waulizane mambo yao kabla mtu hajashika ufunguo wala sahani. Duni ndiye aliyepewa kuisimamia saa hiyo.

Sasa ni Septemba. Mzee Gerrie alifariki Benoni mwezi wa Julai. Wazee saba walikwenda kumzika. Gogo Busisiwe alipata homa ya mapafu baridi ilipokaza, akalazwa siku kadhaa, akarudi. Emérite ameacha kazi na anauza chakula Berea. Nafasi yake ameshika kijana wa Kikongo anayezidisha chumvi. Dona Lurdes bado yupo chumba cha mwisho. Anakula mezani, na atapimwa tena mwakani kama wengine.

Duni yuko korido ile ile, zamu ya asubuhi, mshahara ule ule. Desemba anakwenda Tanga wiki tatu kumwona mama yake, ambaye siku hizi haendi tena kisimani wala msibani, na majirani wanamletea chakula ndani.

"Nikifika nitamuuliza kwanza anataka nini," anasema. "Pengine anataka kutoka."