Barua Chini ya Ndizi

Shangazi yangu Twahira ni mwoga, na mwenyewe halifichi hilo. Anaogopa radi, anaogopa mbwa hata waliofungwa, na Mto Themi ukijaa havuki daraja mpaka amwone mwingine kavuka salama. Baba alizoea kumtania kwamba siku ya Kiyama atawaachia wenzake watangulie. Ndiyo maana nikisimulia alichofanya Alhamisi moja ya mwaka 1994, watu wa nyumbani hucheka kwanza, kisha husogea wasikilize.

Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kata moja pembeni mwa mji wa Arusha, upande ambao ukitoka tu nje Mlima Meru umekukabili. Kata yenyewe siitaji, maana wahusika wengine wako hai. Babu alikuja kutoka Pangani na cherehani yake, akazeekea mjini akishona kanzu, na Twahira ndiye binti pekee aliyekataa sindano akaenda kujifunza mashine. Alijivunia kazi ile. Herufi ya "k" ya mashine yake ilirukia juu ya mstari, na aliichukia kama mpangaji asiyelipa.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu vilirudi madukani na mitumba ikajaa kila kona, lakini viwanda vilikuwa vinafungwa, na wanaume waliozoea kutoka alfajiri na ovaroli wakawa wanashinda nyumbani. Sasa waliotoka ni wake zao, na ndizi, na maziwa, na robota la nguo. Nyumba nyingi hazikulistahimili hilo. Wanawake wakaanza kuja ofisini, shavu limevimba au mkono umefungwa kanga, kila mmoja akisema ameanguka mpaka mlango ufungwe.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwanamke akishaeleza, Twahira humpigia mume barua ya wito: fulani, unatakiwa ofisini siku fulani saa tatu bila kukosa, kujibu malalamiko ya mkeo fulani. Katibu Kata anagonga muhuri. Na barua anapewa nani aipeleke? Mke. Ndiyo, mke mwenyewe! Tarishi alikuwa amepunguzwa kazi, na hata kabla ya hapo walikuwa wakisema mwenye shida ndiye mwenye miguu. Mimi mpaka leo damu inanichemka, lakini wakati ule hakuna aliyeona ajabu, na Twahira naye hakuona. Nakala aliiweka kwenye faili. Mwanamke asipotokea siku ya wito, aliandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri: "Mlalamikaji hakurudi. Wamepatana." Karibu faili zima lilikuwa limepatana.

Alhamisi hiyo akaja Rachel, mwanamke mwembamba wa kutoka mashamba ya juu, na kikapu cha ndizi za mshale. Mumewe Bariki alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka uliotangulia. Rachel aliongea mdomo ukiwa umefunguka upande mmoja tu, maana taya lilikuwa limevimba. Barua ya kumwita Bariki Jumatatu ilipokuwa tayari, aliitazama, hakuipokea.

"Mama, hamna mtu wa kuipeleka?"

"Ndiyo utaratibu, mwanangu."

"Akiipokea mkononi mwangu, mama, mimi hiyo Jumatatu sitaifikia."

"Mungu atasaidia. Mpe akiwa ametulia."

Akaichukua, akaisukumia chini kabisa ya ndizi, akasema anapita sokoni kuuza kidogo kisha saa kumi atakuwa nyumbani. Twahira akafungua faili aiweke nakala. Likafunguka kwenye jina la Nosim.

Nosim alikuwa akituletea maziwa. Twahira alikwenda mazikoni kwake miezi minane nyuma, akalia na wenzake, akaambiwa marehemu aliteleza na mzigo wa majani kwenye kile kinjia cha mteremkoni, mvua ilikuwa inanyesha. Sasa akaiona tarehe. Barua ya Nosim ilitoka Jumanne. Mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: "Mlalamikaji hakurudi. Wamepatana."

Akarudisha kurasa nyuma, hakurudi, hakurudi, hakurudi, mpaka akashindwa kuzisoma. Katibu alikuwa kwenye kikao wilayani. Twahira akapachika karatasi mpya kwenye mashine, akapiga wito mwingine kwa Bariki, na mahali pa mlalamikaji akaweka: Ofisi ya Kata. Akavuta droo ya Katibu, akagonga muhuri, akasaini mahali pasipo pake. Orodha ya watakaopunguzwa ilikuwa inaandaliwa mwezi ule ule. Alijua anachokifanya, na saini ikatoka kama ya mtoto wa chekechea.

Njia ya kwenda juu ni ya udongo mwekundu, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mibuni. Hakukuwa na mtu mbele yake wa kumtangulia. Mbwa walibweka mara mbili, na mara mbili akasimama akasoma Ayatul Kursi ya kuomba kinga, akaendelea. Alichokiomba ni kimoja tu, amkute Bariki kabla Rachel hajafika.

Alimkuta. Bariki alikuwa uani anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe, panga linashuka, linapanda, vipande vinaanguka vimelingana. Kazi ya kila siku ya kila mwanamume wa mlimani, lakini Twahira hakuweza kuondoa macho kwenye lile panga.

"Karibu, mama," Bariki akasema kwa adabu. Alikuwa na sura nzuri, hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akamsogezea kigoda.

"Sikai, baba. Nimekuletea barua ya ofisi."

Akafuta mkono kwenye suruali, akasoma polepole. Panga hakuliweka chini.

"Nani kanishtaki?"

"Si umeona hapo? Ofisi."

"Ofisi inanijua mimi?"

"Inaita wengi. Mimi naleta tu."

"Mke wangu anajua habari hii?"

"Mkeo simjui, baba."

Akamtazama, akaitia barua mfukoni. Hapo hapo Rachel akaingia na kikapu kichwani, ndizi zimebaki nusu. Akamwona mama wa ofisini uani kwake. Neno moja tu, "umefika", au "mbona", na kila kitu kingekwisha.

"Shikamoo, mama. Karibu," Rachel akasema, kama kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Marahaba. Nilikuwa naondoka."

Akageuka aondoke, na heshima za watu wa mlimani zikataka kuwamaliza wote wawili. Kwa Wameru mgeni hashuki mikono mitupu. Hata umkute mtu ana njaa, atakukatia japo ndizi tatu. Bariki, pamoja na yote, alikuwa amelelewa vizuri.

"Ngoja, mama. Hata kama umeniletea balaa, huwezi kushuka hivi hivi." Akamgeukia mkewe. "Lete hicho kikapu nimchagulie nzuri. Zile za chini."

Rachel akakitua. Bariki akainama, akaingiza mkono kati ya ndizi. Twahira alimwona Rachel anafumba macho.

Ndipo Rachel akacheka. Twahira anasema hajawahi kusikia kicheko cha kutisha namna ile, kikitokea upande mmoja wa mdomo.

"Baba Eliya, mgeni wa serikali unampimia? Watasema nyumba hii ina uchoyo. Mpe na kikapu."

Mkono wa Bariki ukasimama. Jina la uchoyo ni aibu, na mbele ya mtu wa ofisi ni aibu mara mbili. Akautoa mkono. Akakiinua kikapu mwenyewe, akamtwika Twahira kichwani.

"Kitarudi Jumatatu," Twahira akasema. "Nawe uje."

Akashuka bila kugeuka, akisubiri hatua nyuma yake, akizisikia hata pale ambapo hazikuwapo. Alipofika kijitoni akakaa kwenye jiwe, akamwaga ndizi kwenye majani. Barua ya asubuhi ilikuwapo. Chini yake, ndani ya majani makavu ya mgomba yaliyotandikwa kikapuni, palikuwa na nyingine mbili ambazo Bariki hakuwahi kupewa, moja ya mwaka uliotangulia na moja ya Machi, zote na ile "k" inayoruka mstari. Sura ya Rachel hakuwa ameikumbuka. Mara mbili alishampigia barua, na mara mbili akamwandika kwamba amepatana.

Jumatatu saa tatu Bariki alifika, shati limepigwa pasi, akakana yote. Lakini alikuwa ameshajulikana, ofisi inamwangalia, na Rachel akapata nafasi ya kwenda kwa kaka yake Nkoaranga na watoto mchana kweupe, bila kukimbia. Katibu aligundua saini. Alifoka sana, kisha akaliacha jambo hilo, kwa sababu Twahira alikuwa ameliweka faili la wanawake mezani pake, limefunguliwa kwa Nosim. Kuanzia wiki hiyo hakuna mke aliyekabidhiwa wito tena. Twahira alizipeleka kwa miguu yake mwenyewe, miaka tisa, akiwasomea Kursi mbwa wa watu.

Niliwahi kumuuliza kama hofu ilimtoka alipozoea.

"Haikunitoka hata siku moja," akasema. "Kila uani nilikuwa naomba niondoke haraka. Na nilikuwa naondoka, mwanangu. Wale wanawake walikuwa wanalala mle mle."