Fulana za Pinki

Niliporudi mgodini Geita baada ya dawa za saratani ya titi, meneja aliwavalisha wafanyakazi wote fulana za pinki, akanikumbatia mbele ya kamera.

"Dada, wewe ni shujaa wetu!"

Mkono wangu ulikuwa umevimba, nikamwomba anitoe kwenye lori nililoendesha, anipeleke chumba cha redio za kuwaongoza madereva.

"Ukiwa kwenye lori unawatia wenzako moyo," akajibu, macho kwenye picha zake. Eti moyo!

Mama mmoja wa chumba cha redio, aliyewahi kuendesha malori, aliuona ule mkono. "Kaa hapa, mwanangu. Nitaendesha mimi."

Tulibadilishana kazi kwa miezi minne. Meneja alipita mlangoni kila asubuhi, akanisalimia, wala hakujiuliza nafanya nini pale.