Ramani Ilivyomzika Mama Mkwe Akiwa Hai

"Basi nionyeshe maiti," nilimwambia shemeji yangu Kiệt. "Si wewe mtaalamu? Nionyeshe."

Kiệt hakuwa na maiti. Alikuwa na koti jeusi kwenye joto la mji wetu wa Cần Thơ, kadi za jina zenye maandishi ya dhahabu, na mdomo.

Mbele yetu alisimama dereva wa lori kutoka Vĩnh Long, ameshika maua ya manjano na ubani. Kaja kuhani msiba wa mama mkwe wangu.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa hatua tatu nyuma yake, anakoroga sufuria ya supu ya tambi.

Dereva akageuka. Maua yakamtoka mikononi.

Kumbe mwanaume wa watu alitafuta kibanda chetu cha supu kwenye ramani ya simu, asipotee vichochoroni. Ramani ikamwambia kimefungwa kabisa. Chini yake, picha za moto mlangoni. Akajumlisha mwenyewe.

Nikampokonya Kiệt simu nikaangalia. Picha kumi na mbili za juu. Zote moto. Mlango ni wetu.

Damu ikanichemka, na nilikuwa na sababu.

Tangu Tết, mwaka mpya wetu, ipite, wageni walikuwa wamekauka. Watu wa kichochoroni walikuja kama kawaida, lakini sufuria ile inaishi kwa wapita njia. Na Kaka Hai, mtoto mkubwa wa Mama, anayekaa Saigon na ndiye mwenye hati ya nyumba, alishatoa kauli: leo jioni anasaini mkataba na muuza makava ya simu, chumba cha mbele tunachouzia supu kiende. Mama apumzike.

Mama amekoroga supu miaka thelathini na moja. Kumpumzisha ndiko kumzika kwenyewe.

Sasa huyu Kiệt, mtoto wa mwisho, alijitolea wiki chache kabla ya Tết kutufanya "tuonekane". Mbinu yake? Vijana wapite kila alfajiri, wapige picha mlango wetu, waipandishe kwenye ramani. Eti picha mpya kila siku, ramani inakupenda.

Wakapita kweli. Walipiga picha na kuondoka. Hata bakuli moja hawakununua.

Mtu yeyote aliyewahi kuuza hata mchicha huku kwetu anajua hilo ni balaa. Mteja wa kwanza ndiye anayebeba bahati ya siku. Akichungulia akaondoka bila kununua, siku imeoza. Dawa yake ni kuwasha karatasi, uipitishe mlangoni, nuksi ikimbie.

Mama akawa anawasha karatasi kila alfajiri, huku anatukana.

Na kijana wa pili akifika, anaupiga picha moto.

"Hukujiuliza moto ni wa nini?"

"Shemeji, picha ni picha. Ramani inahesabu wingi."

"Punda naye anabeba vingi. Hajachapisha kadi."

Mama akasema bila kuinua macho, "Mwache, Lụa. Huyo kasoma semina."

Nikamwambia Kiệt achukue koti lake aondoke. Nikamwambia mimi nina stashahada ya uongozi wa ofisi na sijaiandika kwa dhahabu popote. Nikamwambia ukurasa wa kibanda kwenye ramani tunauendesha wawili, lakini mwenye akili ni mmoja.

Hakuondoka. Akasema taratibu kwamba picha haziwezi kufunga kibanda. Lazima kuna mtu alibonyeza. Ukurasa unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, na jina la aliyelifanya.

"Fungua," akasema.

Nikafungua kwa furaha, mbele ya Mama na dereva, ili aumbuke vizuri.

Imefungwa kabisa. Imebadilishwa na: Lụa. Siku mbili kabla ya Tết.

Mama akaacha kukoroga. Supu ikawa inachemka peke yake.

Nikakumbuka. Siku ile nilikuwa nafunga keki za wali kwenye majani ya mgomba, mikono imejaa mafuta. Ramani ikauliza kwenye simu: mmefunga kwa muda, au kabisa? Nikasema moyoni, leo kabisa, sitaki mtu aniulize supu. Nikabonyeza kwa kifundo cha kidole.

Wiki tisa. Mtaalamu anahesabu picha, msomi anahesabu makosa ya mtaalamu, na hakuna aliyekitafuta kibanda kama anavyokitafuta mwenye njaa.

Kiệt akatabasamu. Nikamdharau kwa tabasamu lile pia.

"Haya," Mama akasema. "Nani anamwambia Hai?"

Ningeweza kumsukumia Kiệt. Picha zilikuwepo, moto ulikuwepo, na ukoo mzima unamjua. Hai asingeuliza mara mbili. Ila angesaini. Kibanda chenye sifa ya moto na mikosi, nani angekishikilia? Kibanda kilichofungwa kwa kosa la kidole kinafunguliwa kwa kidole hichohicho.

Nikabonyeza: kiko wazi. Nikaripoti picha za moto, moja baada ya nyingine. Nikampiga Mama picha ameshika upawa, kanuna, yuko hai, nikaipandisha.

Kisha nikampigia Kaka Hai, nikaweka sauti juu wote wasikie.

"Kaka Hai, usisaini. Wageni hawakutukimbia. Nilikifunga mimi kwenye ramani, kwa sababu sikusoma."

"Wewe, Lụa?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama Mama anasikia. Mama akajibu kwamba anasikia, na ana supu ya kuuza, kwa hiyo akate simu. Hai akasema anampigia muuza makava sasa hivi atafute pengine.

Kiệt bado ni mjinga. Hilo sikulifuta.

Lakini wewe mwenye kibanda, saluni au gereji unayesoma hapa, shika simu sasa hivi ujitafute kama mgeni asiyekujua. Ukijikuta umekufa, usikimbilie kumsaka mchawi. Anza na kidole chako.