Simu ya Baba Mkwe

Tukuswiga alijibu simu za kila mtu pale Tunduma isipokuwa za mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa baba mkwe wake.

Usicheke. Alikuwa mhudumu wa mapokezi katika kampuni ya kugomboa mizigo mpakani, na ile swichibodi ya mezani kwake aliijua kama bibi anavyojua kuchambua mchele: macho kwingine, vidole kazini. Mteja wa Zambia akipiga, anasalimiwa kwa Kibemba, "Mulishani", anasubirishwa kwa muziki kidogo, kisha anahamishiwa kwa mhasibu kabla hajamaliza kukohoa. Dereva na karani wakirushiana lawama, Tukuswiga huwaunganisha pamoja na meneja kwenye laini moja, akawaacha wamalizane wenyewe.

Lakini alikuwa ameolewa kwa Wandali wa Ibaba, huko milimani Ileje, na katika ukoo ule mkamwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, na jina lake halitoki kinywani mwake hata akiota ndoto. Mimi naweza kulitaja kwa kuwa si mkwe wangu: Watson Kibona. Yeye hakuwahi. Hata yule Watson mwingine, mtunza ghala wa kampuni, alimwita "bwana wa ghalani". Wateja walipoambiwa, "Nakuunganisha na bwana wa ghalani," walidhani ndiyo adabu ya ofisi.

Sasa mumewe, Boazi, alikuwa dereva wa lori wa kampuni hiyohiyo. Akivuka Nakonde simu yake ya Tanzania haipatikani, kwa hiyo mzee akimtaka mwanawe hupiga ofisini. Namba ya Ibaba ikiwaka kwenye kioo, Tukuswiga hupokea bila kutamka neno, habonyezi kingine ila kitufe cha kuhamisha, na simu inakwenda kulia chumba cha madereva, ambako wenzake Boazi humpokelea ujumbe. Mzee naye, akisikia kimya, anajua aliyepokea ni nani. Mama mkwe alimsifia kanisani: mkamwana wa kwetu anashika heshima mpaka kwenye mitambo! Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Sawa, lakini waliosema hawakuwahi kukaa kwenye swichibodi.

Siku ninayoisimulia, malori yalikuwa yamejipanga barabarani tangu alfajiri, na simu zilikuwa zinalia moja juu ya nyingine. Namba ya Ibaba ikawaka. Akahamisha kama kawaida. Chumba cha madereva hakikuwa na mtu, simu ikalia weee, kisha ikarudi mezani kwake na ule mlio wake wa kero. Akahamisha tena. Ikarudi tena. Akaamua kumsubirisha mzee kwa muziki, huku akimhudumia mteja wa Lusaka aliyekuwa anafoka kuhusu kontena lake. Moyoni alikuwa mtulivu kabisa. Mzee anamtaka Boazi, Boazi yuko Zambia, atachoka atakata.

Mzee hakukata. Tukuswiga alipoirudia ile laini ili tu aone kama bado yupo, akasikia sauti inahema.

"Nyie wa ofisini, mtu yeyote anayesikia," mzee alikuwa anasema. "Msinipigie tena huo muziki. Mtoto wa Boazi anaumwa sana. Nimemleta zahanati peke yangu."

 Mtoto wa Boazi ndiye Aliko, mwana wa pekee wa Tukuswiga, miaka minne, aliyempeleka kwa bibi yake wiki mbili tu zilizopita. Habari za mwanawe ndizo alizokuwa anazirusha kutoka chumba kitupu hadi muziki, na kutoka muziki hadi chumba kitupu! Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Unaweza kushangaa, hata yeye alijishangaa, lakini mdomo uliofungwa miaka sita haufunguki kwa kuambiwa mara moja.

Vidole ndivyo vilivyomfaa. Alimpigia Gibson, mhasibu wa ghorofani, akabonyeza kitufe cha kuunganisha, wakawa watatu kwenye laini moja. Gibson ni Mnyiha wa Mbozi, mambo ya wakwe hakuhitaji kufundishwa.

"Gibson," Tukuswiga alisema kwa haraka, "kuna mzee wangu hapa. Muulize mtoto amepatwa na nini."

"Mzee, shikamoo. Mama anauliza, mtoto ana nini?"

"Marahaba. Mwambie mama yake, alijikata mguu kwa jembe juzi, kidonda kimeoza, homa imempanda, hata mimi hanitambui. Daktari ameandaa sindano. Ameniuliza kama kuna dawa inayomkataa huyu mtoto. Bibi yake aliwahi kuniambia ipo, lakini nimeisahau, na bibi mwenyewe yuko msibani Mbozi Mission, hana simu. Huko ndani mtandao haushiki, nimetoka nje ukutani. Mwambie ajibu upesi."

Ipo! Tukuswiga aliiona ile siku mbele ya macho yake, Aliko ana miaka miwili, midomo imevimba, koo limeziba, manesi wanakimbia. Penisilini. Alivuta pumzi ili amwambie Gibson, naye Gibson amwambie mzee.

Ikasikika "kak". Taa ya laini ya Gibson ikazimika.

Gibson, Mungu ambariki, aliposikia mtoto hamtambui hata babu yake, alishtuka, akaweka simu chini, akashuka ngazi mbiombio aje amshike mkono mwenzake aliyepatwa na mkasa. Huruma yake iliwaacha wakwe wawili peke yao kwenye laini, na baina yao hakuna wa kubeba neno.

"Haloo?" mzee aliita. "Kijana? Haloo?" Akangoja. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Basi. Wamekata. Nikawaambie wachome tu."

Hakuzima simu. Tukuswiga alisikia viatu vinakwaruza changarawe, vinaondoka. Mzee ni wa kuweka spika siku zote, na simu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Baba!" alipiga kelele. Viatu viliendelea. Uwanja wa zahanati una akina baba wangapi? "Baba! Baba, simama!" Viatu vikaendelea.

"Watson!" Tukuswiga alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. "Watson Kibona! We Watson!"

Ofisi nzima iligeuka. Wateja walinyamaza na makaratasi yao mikononi. Gibson, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika ngazi ya mwisho, alishika nguzo. Kule ghalani bwana wa ghalani alitoa kichwa mlangoni, ameduwaa, maana tangu aajiriwe mwanamke yule hakuwahi kumwita kwa jina.

Na kule Ibaba viatu vikasimama.

"Nani ananiita?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo.

"Ni mimi. Mama Aliko." Alikuwa analia waziwazi. "Penisilini, baba. Wasimchome penisilini, itamuua. Mwambie daktari, penisilini hapana."

"Penisilini hapana," mzee alirudia. Viatu vikaanza tena, na safari hii vilikuwa vinakimbia.

Daktari alibadilisha sindano. Boazi alipovuka mpaka na kuambiwa, alikaa kwenye ngazi ya lori lake, asijue ashukuru kwanza au ashangae kwanza. Tukuswiga aliyasubiri maneno ya ukoo. Hakuogopa faini ya kuvunja mwiko, aliogopa aibu, kwa maana kumwokoa mtoto ni jambo moja na kumfokea baba mkwe kwa jina lake, mbele ya watu, ni jambo jingine. Hakuna aliyepiga. Ukimya ule ulimnyima usingizi.

Wiki iliyofuata namba ya Ibaba ikawaka. Boazi alikuwepo, anakunywa chai chumba cha madereva. Tukuswiga alipokea bila neno, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kuhamisha.

"Usinihamishe," mzee alisema.

Kidole kiliganda hewani.

"Boazi nitaongea naye jioni. Mtoto anakimbiza kuku hapa, hajambo. Nimekupigia wewe." Mzee alikohoa. "Ulishaniita kwa jina, mama Aliko. Huwezi tena kuninyima salamu."

Tukuswiga alitazama simu nyingine mbili zikiwaka mbele yake, wateja wanangoja. Akaziacha ziwake.

"Shikamoo, baba," alisema, na ilikuwa shikamoo yake ya kwanza tangu aolewe.

"Marahaba, mwanangu."