Aliyempeleka Sefu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, tayari nilikuwa na mtoto. Mama alipopata kazi kiwandani Zegereni, kule Kibaha, mdogo wangu Sefu, wa mwaka mmoja na nusu, alihamia mgongoni kwangu, wala hakuna aliyeniuliza kama naweza. Kwetu Kisarawe msichana akishajua kubeba bila kuangusha, amehitimu.

Huku Uswidi ninakowalea wanangu, mwaka jana nilimwacha binti yangu wa miaka tisa na mdogo wake, nikashuka dukani kununua maziwa. Jirani akatoa taarifa. Wakaja maofisa wawili wa ustawi wa watoto, wakavua viatu mlangoni kwa adabu, wakafungua fomu. Wakauliza nilianza kulea nikiwa na umri gani. Nikasema minane. Mmoja akataka kuhakikisha: kumi na minane, siyo? Nikaitikia. Sikutaka kumharibia fomu yake, wala kusimulia ile kazi yangu ya kwanza iliishaje.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuwa akitibu degedege pale kijijini. Alisema ni dude lenye mbawa linalopita juu ya paa, na mtoto litakayemwangushia kivuli hukakamaa na kugeuza macho. Dawa yake moshi wa kinyesi cha tembo. Mwiko wake mmoja tu, sindano: degedege likichomwa sindano linaondoka na mtoto. Akina mama wote waliamini hivyo, mama yangu akiwemo.

Asubuhi moja Sefu aliamka na homa kali, akakakamaa. Bibi alimfukiza mpaka jua likawa kali, dawa ikamwishia, akatoka kwenda kutafuta nyingine. Nilikuwa darasa la pili, na mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mtoto mwenye homa kali hupelekwa zahanati. Nikamfunga Sefu mgongoni, nikakimbia.

Muuguzi wa dirishani alitaka kadi ya kliniki. Sikuwa nayo. Akauliza mzazi wa mtoto yuko wapi.

"Ndiye mimi," nikasema.

Benchi zima likacheka. Muuguzi naye akacheka, akaniambia nikamlete mama, akaita mwingine. Nikabaki nimesimama palepale, maana Zegereni nilikuwa naisikia tu. Sefu alipokakamaa tena, wakampokea bila kadi. Wakamchoma sindano. Adhuhuri haijaadhiniwa, akafa.

Mama alifika alasiri, bado amevaa sare ya kiwandani. Hakulia. Aliuliza kwanza ni nani aliyempeleka mwanawe kwenye sindano. Nikafungua mdomo. Bibi, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na maiti, akaniwahi bila kuinua kichwa.

"Mimi."

Watu wakatazamana. Miaka yote anawakataza wenzake, leo kaagiza wa kwake apelekwe. Tangu siku hiyo hakuna mama aliyempelekea tena mtoto. Mama alinihamishia Kibaha, na Kisarawe hakurudi ila kumzika Bibi.

Asubuhi ya kuondoka, Bibi alikuwa akinisuka. Nikamnong'oneza kwamba nitamwambia mama ukweli. Mikono yake haikusimama.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Wewe bado unataka mama. Mimi nimeshazeeka, nitaweza."

Baadaye nilisoma, maana kusoma ndiko kulikonifikisha huku. Ile ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Sindano haikumuua Sefu. Alikufa kwa kuchelewa, saa za moshi na dakika za kadi. Siku nilipolielewa hilo nilipata nafuu kubwa, kisha nikaona aibu kwa kuipata peke yangu. Bibi hakusoma kitabu chochote. Yeye aliingia kaburini akiamini kabisa kwamba mjukuu mmoja alimuua mwingine, na kwamba yule aliyebaki alihitaji mtu wa kumkinga.

Mama yuko Mkuza siku hizi, hukohuko Kibaha. Kila Jumapili tunapigiana simu, anaulizia wajukuu, anataka kujua kama wanakula. Bibi hamtaji. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, bado sijamwambia.